K ya Mwisho

Mzee Yotamu alikipokea kitabu kichwa chini miguu juu. Tekla akamgeuzia, wakacheka wote wawili.

"Nisomee jina lake," mzee alisema, akiliinamishia jalada dirishani. "Nione kama shule ilikusaidia."

"Kaka, Kumekucha."

Kicheko cha mzee kilikatika.

Tekla alikuwa ametoka Iringa hadi Soweto, Mbeya, kwa ajili ya kitabu hicho tu. Baba yake, Philbert, alikuwa mahututi, na hakutaka kufa kabla hajajua nani alikichapa. Kilidai uhuru. Kwa sababu yake polisi wa mkoloni walimchukua babu Aroni, aliyekuwa na kiduka cha uchapaji, naye hakurudi. Aroni aliapa kwa Biblia mbele ya mkewe kwamba si yeye. Walimshuku kwa lipi, hakuna aliyeambiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata iliyobaki ilikuwa Yotamu, mpanga herufi wa misheni enzi zile.

"Babu, uliwahi kukishika?"

"Hata kukiona! Ndiyo kwanza leo." Kidole chake kilitambaa polepole juu ya nailoni iliyofunika jalada. "Herufi hizi ni Gill. Nene, ncha zake hazina vijiguu. Kila mchapaji alikuwa nazo. Ila itazame K ya mwisho."

Tekla aliitazama. Ilikuwa na vijiguu, juu na chini. Miaka yote kitabu kimekaa nyumbani kwao, hakuna aliyewahi kuiona.

"Herufi zilitoka Uingereza," mzee aliendelea, "na Mwingereza hana kazi nyingi na K. Sisi zinatuishia njiani. Zikiisha, unachomeka ya aina nyingine. Aina hiyo, Iringa nzima, alikuwa nayo Aroni peke yake. Alikuwa rafiki yangu, nilishinda dukani kwake."

"Kwa hiyo ni yeye?"

"Herufi haisemi uongo, mjukuu wangu. Kamwambie baba yako apumzike."

Tekla alilia. Angemwambiaje baba yake kwamba Aroni aliapa uongo?

Damari, mkwe wa mzee, alimsindikiza hadi barabarani.

"Asante kwa kuja, dada," alisema. "Leo baba kachangamka kweli. Maana tangu apofuke, miaka mingi sasa, hata mimi ananijua kwa sauti tu."