Salamu za Ubora wa Juu

Mdomo wa kaka ulichelewa kufunguka. Dada yake akaurudisha nyuma kidogo, akakicheza tena kile kipande cha video, na safari hii kaka akasema "Shikamoo mama" mdomo na sauti vikienda pamoja.

Dada huyo alikuwa mchora katuni. Kazi iliyomlipa mshahara ilikuwa kuchezesha meno yanayoimba kwenye tangazo la dawa ya mswaki. Hii nyingine aliifanya wenzake wakienda kula. Aliingiza kwenye programu video ya zamani ya harusi, akaukata uso wa kaka, akachora midomo mipya juu yake. Maneno aliyasema mwenyewe, kisha akaizamisha sauti mpaka ikawa nzito ya kiume. Tangu utotoni walifanana sauti. Mama alikuwa akiita huyu, anaitika yule.

Kaka alikuwa ameshafariki. Basi lilipinduka akiwa njiani kuja kumshuhudia dada yake akipewa tuzo. Hakutaka kuja; dada ndiye aliyemng'ang'ania kwa simu: "Acha visingizio bwana, bila wewe haifani." Mama wakati huo alikuwa amelazwa, moyo unamsumbua, na mjomba akakata shauri kwamba asiambiwe mpaka apate nafuu. Wakamzika huko huko alikokuwa akifanya kazi, na makaburini dada akamlilia mjomba kwamba ile simu yake ndiyo iliyomuua.

Nafuu ikaja, lakini wa kumwambia hakupatikana. Mama alipouliza, mchora katuni akajikuta anasema kaka kapata kazi melini, simu hazishiki, ila atakuwa anatuma video. Maji alishayavulia nguo, ikabidi ayaoge kila wiki.

"Ubora gani huo?" Fundi sauti wa ofisini alikuwa amerudi mapema, anachokonoa meno na kijiti, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Unamtolea mama yako au jumba la sinema?"

"Mama hatamwona mwanawe ana ukungu," alimjibu.

Kila mara alichagua ubora wa juu kabisa, ule wa wateja wa televisheni, na kuituma video kama faili ili isibanwe njiani ikapoteza ubora. Ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo ndani ya uongo ule. Baadaye mama angempigia simu. "Shati la mistari limemkaa mwenyewe!" angesema, na kaka kavaa la buluu tupu. Mchora katuni angecheka, angeyalaumu macho ya uzee, halafu angejichukia mchana kutwa kwa kicheko hicho.

Siku hiyo alishatuma ndipo alipoona. Ile sehemu ya kuzamisha sauti alikuwa ameizima na kusahau kuiwasha. Faili lililokwenda kwa mama lilikuwa na uso wa kaka na sauti yake yeye, ya kike, mbichi kama alivyoirekodi.

Akamwambia fundi sauti kwamba tumbo linamkata, akashuka ngazi mbili mbili, akakodi pikipiki na kumhimiza dereva njia nzima mpaka dereva akamuuliza kama anataka kuendesha yeye.

Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa inaishia mlangoni kwa mama. Aliuogopa ule moyo mgonjwa. Mmoja alimuua kwa simu, leo atamuua wa pili kwa video. Akaapa kwamba akimkuta mzima atamwambia kila kitu, na palepale akajijua kwamba hatamwambia.

Mama alikuwa sebuleni, anakunja nguo.

"Kulikoni? Umefukuzwa kazi au umefukuzwa na mbwa?"

"Nimepita tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaka yako katuma video leo. Nimeshamwona, kanenepa huyo!"

Mchora katuni alimtazama usoni. Hakuona kitu kilichobadilika. Labda na masikio yameanza kuchoka, aliwaza. Akaona nafuu, kisha akaona aibu kwa kuona nafuu.

"Lete simu nikufutie vitu, mama. Itakuwa imejaa."

Mama akampa, akaendelea na nguo zake. Ilikuwa ile simu yake ya siku zote, kioo kina ufa pembeni. Mchora katuni akageukia dirishani na kuligusa faili la leo. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno meupe: simu hii haiwezi kufungua faili la ubora huu.

Akashusha pumzi. Bahati ya mtende! Mama hakuona wala hakusikia kitu, alikuwa anajisemea tu ili asionekane mshamba wa simu.

Akagusa faili la wiki iliyopita. Haiwezi kufungua. Akagusa la kabla yake. Haiwezi. Akapanda juu, faili baada ya faili, mpaka salamu ya kwanza kabisa, ile aliyoitengeneza huku machozi yanadondokea kwenye kibodi. Hata hiyo haikuwahi kufunguka.

Alisimama pale na simu mkononi. Nyuma yake mama alikung'uta shuka.

"Mama," alisema. "Leo kasema nini?"

"Leo?" Mama alizikutanisha ncha za shuka, akalilaza mapajani. "Leo kasema lile basi angelipanda tu, hata kama usingempigia simu. Kasema uache kujitafuna."

Akalinyoosha shuka kwa kiganja.

"Sasa na wewe mwache apumzike, mwanangu."