Mita ya Mlangoni kwa Bi Somoe

Uliona, jirani, ukavuta pazia. Usiniambie hukuona. Dirisha lako linatazamana na mlango wa Bi Somoe.

Mtaa wetu mzima umefungwa mita za faida juu ya milango. Mtalii akisimama kutazama, mita inahesabu kuwa nyumba imenufaika. Ikifika mia tano, nyumba inanyimwa dawa za bure. Ya Bi Somoe ilisoma mia nne tisini na nane, naye anaishi kwa vidonge vya presha.

Ndiyo maana alikuwa akimsuka nywele mjukuu wake Zuhura ndani, gizani. Zamani tulisukana vibarazani sote, mama yako akiwamo. Nakumbuka.

Juzi, Idi ikiwa kesho yake, mistari ilipinda mara tatu.

"Bibi, umenichora barabara ya mlimani!"

"Nyamaza, mke mwenzangu. Babu yako atakupenda hivyohivyo."

"Babu mwenyewe haoni!"

Bi Somoe alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua mkeka, akafungua mlango.

"Bibi, mita!"

"Idi na nywele timutimu? Kaa hapa."

Watalii wawili walisimama, wakatabasamu, wakaenda zao. Hata andazi moja mtaani hawakununua. Mita ikalia: mia tano. Bi Somoe akamshika mtoto kidevu, akaendelea kusuka polepole, na mistari ikanyooka.

Leo zahanati imemrudisha mikono mitupu. Amebakiwa na vidonge vya siku nne.

Mita yako inasoma ngapi, jirani? Chukua bisibisi, toka sasa hivi. Tunaanza kubandua ya kwake.