Masomo ya Gitaa

Simu ya kinyozi ilitoa mlio, na dada yake, aliyekuwa akimsuka mteja upande wa pili wa chumba, akasimama na nywele mkononi.

"Umekatwa hela tena," alisema bila hata kugeuka. "Leo tarehe kumi. Gitaa."

Kinyozi akajifanya anasafisha mashine.

"Mdogo wangu, hebu nikuulize mbele ya mashahidi. Gitaa lenyewe liko wapi?"

Gitaa halikuwepo, wala halijawahi kuwepo. Miezi mitano nyuma, siku ambayo hakikuingia hata kichwa kimoja cha kunyoa, aliona kwenye simu tangazo la masomo ya gitaa, akabonyeza palipoandikwa "Jaribu bure siku saba". Wakaomba namba ya kadi, kwa uhakiki tu, naye akawapa. Alitazama somo moja, akasahau. Siku ya nane hela zikakatwa kwenye kadi.

Kitufe cha kujitoa alikitafuta mpaka macho yakamuuma. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, aliambiwa apige simu, siku za kazi, saa nne hadi saa sita.

Alipiga akiwa amefura. Baada ya dakika ishirini za kusikilizishwa gitaa, alipokea msichana mwenye sauti ya uchovu, lakini kwa mbali kama anayezuia kicheko.

"Kitengo cha kujitoa. Kitengo chenyewe ni mimi peke yangu. Kabla sijakutoa natakiwa nikusomee ofa tatu, kaka. Nivumilie."

Akazisoma kama mtu anayesoma orodha ya magonjwa. Hasira zikamwisha kinyozi, akaangua kicheko. Kiti cha kunyolea alichokuwa amekalia kikalia nyaauu.

"Una paka?"

"Ni kiti. Kimezeeka."

"Maskini. Mpe maziwa."

Basi wakaongea. Alimweleza jinsi kibanda chao cha pale stendi kuu kilivyobanwa kati ya duka la mikate na duka la fotokopi, mpaka wateja wanatoka wamenyolewa na njaa juu. Mwisho alichukua ofa ya pili, nusu bei mwezi mmoja, akaahidi kupiga tena.

Akapiga tena. Kila akikatwa, anapiga; na kila akipiga, anapata sababu ya kubaki.

Ila msichana alianza kubadilika. Mwezi wa tatu aliuliza upesi mno, "Leo nakutoa, sivyo?" Mwezi wa nne hakusoma hata ofa.

"Kaka, nakuomba, jitoe. Nibonyeze?"

Kinyozi akababaika, akasema anafikiria kununua gitaa. Upande wa pili palisikika pumzi ndefu.

Amenichoka, alijiambia. Wenzake wanalipwa kuwashikilia wateja. Mimi nasukumwa mlangoni.

"Kiti kipya tungekuwa tumeshanunua," dada yake alisema sasa. "Piga. Hapa hapa, na mimi nisikie."

Akapiga, dada akabonyeza spika. Gitaa likalia hadi upande mzima wa kichwa cha mteja ukawa umesukwa.

"Kitengo cha kujitoa."

"Ni mimi. Nataka kujitoa."

"Kweli?"

"Kweli."

Vitufe vikasikika, haraka haraka. "Tayari! Kuanzia sasa wewe si mteja wetu." Alisema kama anayetangaza bao. Simu ikakatika.

"Hata kwaheri?" alishangaa mteja. "Mbona anashangilia hivyo?"

Dada mtu alikuwa akiutazama uso wa mdogo wake, na taratibu akaelewa.

"Jamani," alisema kwa upole. "Sikujua. Nisamehe."

"Aa, mambo ya kawaida tu," alisema kinyozi, akachukua fagio.

Saa kumi na moja jioni alikuwa anapafagia mahali palepale kwa mara ya nne. Mlango ukasukumwa. Akaingia msichana mwenye kitambulisho cha kazi shingoni na mkate wa moto mkononi. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti cha kunyolea, akakikalia kwa kishindo.

Nyaauu.

"Ndiye huyu," alisema, na fagio likamdondoka kinyozi. "Kwetu mfanyakazi akizoeana na mteja, anafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Miezi miwili nakubembeleza ujitoe, wewe unang'ang'ania gitaa!"