Salamu za Alhamisi

Redio ilitamka, "Hapa ni…" kisha ikazama tena katika mchakacho kama wa mafuta yanayokaanga. Kagaruki aliikodolea macho mekundu. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika nayo, na sasa jua lilikuwa limeinama.

Hakuwa na pa kukimbilia. Lori lililomvuta hadi Muleba lilikwisha rudi Kemondo kupakia mizigo, likamwachia trela lake uwanjani: kibanda cha mbao kilichovikwa bati, juu ya magurudumu mawili, ndani yake kitanda chembamba, betri, redio na kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nalo wilayani ili watu wasikie habari za vita na, kila Alhamisi jioni, salamu za askari waliokuwa Burma. Majuma mengi alikuwa amelala humo na sisimizi. Mgongo ulimuuma, na hata sauti yake mwenyewe ilikuwa imemchosha.

Watu walianza kutawanyika. Waliobaki karibu na mlango ni wanawake wawili waliokuja kwa miguu kutoka Buganguzi: bibi aliyeitwa Benadetha na mkwewe, Alistidia. Alistidia aliketi chini karibu na gurudumu.

"Mama, nendeni mkapumzike," Kagaruki aliwaambia. "Mawingu ya ziwani yanaharibu mawimbi. Alhamisi ijayo salamu zitakuwapo tena."

"Zitakuwa za wengine," alisema Benadetha. "Za Rwegasira wangu ni za leo. Mwenzake aliyerudi bila mguu alikuwa naye siku walipoingiza sauti zao katika mashine. Ndiye aliyekuja kutueleza yote."

"Basi kama amewaeleza, habari zake mnazo."

"Habari tunazo, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya. "Nataka kumsikia mwenyewe."

Kagaruki alishusha pumzi. Akina mama wa askari aliwazoea. Wote walikuwa hivyo, habari ya mdomo haikuwatosha. Alichukua koleo, akatoka.

Alianza na betri, akakwangua kutu ya kijani kwenye vichwa vyake. Mchakacho ukaendelea. Akaufuata waya wa ardhini hadi kwenye chuma alichokichimbia, akakuta udongo umekauka kama kigae. Alistidia alimwona, akaenda kisimani bila kuombwa, akarudi na maji. Wakaumwagia. Redio ikakohoa, ikataja Nairobi, ikapotea.

"Na huo wa juu?" Benadetha aliuliza.

Kagaruki alipanda juu ya trela kwa shida. Hapo ndipo alipoona: waya wa eriali ulikuwa umechubuka ngozi yake kwa mitikisiko ya barabarani, na kila upepo ulipovuma uligusa bati. Mawimbi yote yaliyotoka Nairobi yalikuwa yakiishia kwenye bati hilo. Aliukata pale palipochubuka, akaunga, akaufunga kitambaa. Lakini sasa ulikuwa mfupi, haukufika kwenye mti aliokuwa ameutundikia. Ungefika kwenye mlingoti wake wa akiba tu, na mlingoti huo ulikuwa umepoteza kamba zake za kuushikilia.

Alikaa juu ya bati, miguu ikining'inia, akatamani alale palepale.

"Mama, haitawezekana. Mlingoti hauna cha kuusimamisha."

Benadetha alijikokota hadi ulipolala ule mlingoti, akaukumbatia. Alistidia akainuka, akaushika chini ya mikono ya mama mkwe wake. Wakauinua. Kagaruki alishuka, akafunga waya, akaingia ndani kugeuza kitufe taratibu, unywele kwa unywele.

Mchakacho ukafifia. Kikasikika kikohozi cha mwanamume, kisha sauti changa, iliyosimama wima kama iko gwarideni:

"Mimi ni Rwegasira, wa Buganguzi, Bukoba. Namsalimu mama yangu, Benadetha. Namsalimu mke wangu, Alistidia. Mimi ni mzima. Huku mvua ni nyingi kuliko kwetu. Mama, migomba ya nyuma ya nyumba isiachwe iingie magugu. Kahawa msiiuze mbichi. Alistidia, usibebe mizigo mizito. Nitarudi. Kwa herini."

Sauti nyingine ikaanza kumsalimu mtu wa Kisumu.

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Waliokuwa wameondoka walirudi mbio, wakacheka, wakapiga makofi, mzee mmoja akarusha kofia. Kagaruki alitoka nje, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi uchovu ulikuwa umemtoka mwilini. Aliwakuta wale wanawake bado wameukumbatia mlingoti, macho yamefumbwa, kana kwamba sauti ile ilikuwa bado ikishuka kupitia mlingoti ule hadi viganjani mwao.

"Umeona, mama!" alisema akicheka. "Mzima kabisa, na hata huko anawaza migomba! Sasa uachieni, mikono itakufa ganzi."

Waliulaza mlingoti taratibu. Benadetha alifungua kifurushi cha jani la mgomba, akamtilia Kagaruki kiganjani kahawa ya kutafuna, kama mtu anavyomkirimu mgeni nyumbani kwake.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umechoka kwa ajili yetu."

"Hapana, mama. Mtakaponisikia tena hapa, huenda vita vimekwisha, mje naye mwenyewe."

Benadetha alimtazama kwa huruma, akamshika mkwewe mkono.

"Twende, Alistidia. Watu wanatungoja nyumbani tuanue matanga yake."