Barua ya Tatu

Mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa alipoingia, na muuguzi akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea chumba.

Ilikuwa ndogo kuliko alivyoidhania. Mrija wake mwembamba ulikuwa umebandikwa chini ya pua ya bibi mmoja aliyelala kwa ubavu wa kushoto, kipande cha plastiki katikati ya meno, tayari kupimwa tumbo kwa mpira wenye kamera. Kwenye kioo cha mashine, kila pumzi yake ilichora kilima kimoja.

"Leo kazi yako ni moja," Daktari alisema bila kugeuka. "Mwangalie anavyopumua. Chupa za vipimo atashika mwenzako."

Muuguzi alikaza uso asije akaonekana anacheka. Mwaka mzima alikuwa akiyasubiri maneno hayo.

Mwaka uliopita, kwenye kitanda hichohicho, mwalimu wa shule ya msingi alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akamwachia mumewe mkoba, akalala, hakuamka tena. Dawa ya usingizi ilimzidi, pumzi ikakatika, na hakuna aliyeona. Daktari alikuwa ametumbulia macho kamera, muuguzi mikono yote miwili imejaa chupa. Kibanio cha kidoleni kiliendelea kuonyesha oksijeni ya kutosha, maana kidole hupata habari kwa kuchelewa. Kilipoanza kulia, midomo ya mwalimu ilikuwa imekwisha kubadilika rangi.

Yeye ndiye aliyetumwa nje kumwambia mume. Hakumbuki alisema nini. Anakumbuka mkoba tu, jinsi yule bwana alivyoupakata kama mtoto mchanga.

Akaandika barua. Aliomba vitu viwili: mashine ya kupima hewa inayotoka puani, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kumtazama mgonjwa. Haikujibiwa. Akaandika ya pili. Daktari, ambaye ndiye mkuu wa kitengo, akamwita ofisini.

"Sista, tuna wagonjwa kumi na wawili kila asubuhi. Tukianza kuhesabu pumzi za watu, tutamaliza lini?"

Wenzake wakampachika jina la Sista Barua. Hakununa. Aliandika ya tatu.

Na leo, mashine hii hapa. Wala si mashine peke yake. Daktari alifika kabla hata ya mfagizi. Dawa aliagiza iingizwe kidogo kidogo, na miguu ya bibi akaifunika kwa blanketi yeye mwenyewe. Wagonjwa wengine wote waliachwa kwenye mabenchi, na hakuna aliyetazama saa. Kumbe mtu mzima naye hubadilika, muuguzi aliwaza, akavuta kiti karibu na kioo.

Dakika ya nane, vilima vikafutika. Mstari ukalala chali.

Alitazama kifua. Hakikuinuka. Kibanio cha kidoleni kilisoma tisini na saba, hakina habari.

"Hapumui," alisema.

Siku nyingine angeambiwa asitie watu wasiwasi. Leo mkono wa Daktari uliganda hapohapo.

"Una uhakika?"

"Hapumui, Daktari. Usiusukume mpira tena."

Muuguzi akaliinua taya la bibi kwa vidole viwili viwili, akamtikisa bega, akainama sikioni. "Bibi, vuta pumzi. Vuta, mama yangu, usinifanyie hivyo." Mwenzake akaongeza oksijeni. Muuguzi alihesabu kimoyomoyo. Alipofika kumi na tatu, koo likakoroma, na kilima kimoja kikachomoza, kibovukibovu, kikafuatwa na kingine. Ndipo kibanio cha kidoleni nacho kikaanza kushuka, tisini na tatu, tisini na moja, kikitangaza hatari ambayo ilikuwa imekwisha kupita.

Daktari alimaliza kazi polepole mno, akauvuta mpira, akaegemea ukuta. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Bila wewe tungempoteza," alisema. "Yote uliyoandika ni kweli."

Muuguzi alivua glavu. Alikwenda kwenye sinki, akafungua maji, akasimama pale mpaka macho yakakauka. Mwaka mmoja tu. Mashine ingekuja mwaka mmoja mapema, mwalimu angeurudisha mkoba wake nyumbani mwenyewe. Hata hivyo, jioni angempigia yule bwana simu. Angemwambia mkewe hakufa bure, kwamba kwa ajili yake hakuna atakayelala tena kwenye kitanda kile bila kuangaliwa.

Nusu saa baadaye, katika chumba cha kuamkia, bibi alifumbua macho.

"Nimeshakufa?"

"Bado, bibi. Tumekukatalia."

Bibi akatabasamu kwa upande mmoja, mdomo bado mzito. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye mabenchi? Niambie amevaa nini, nikakuitie."

Bibi alimkodolea macho, kama anayetaka kuuliza nani hasa kati yao aliyepewa dawa ya usingizi. Kabla hajasema kitu, pazia likafunguka na Daktari akaingia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, nipo hapa mwanao, gari liko mlangoni. Mke wangu atakufikisha nyumbani." Kisha akamgeukia muuguzi, na sauti ikawa ile ya ofisini. "Sista, ile mashine irudishe kwenye boksi lake, niliiazima kwa asubuhi hii tu, wenyewe wako njiani kuifuata. Halafu mlaze anayefuata. Tumechelewa sana."