Mwanachama Mpya

Godoro la Awuor lilitua kwenye matope, na aliyelirusha alikuwa Anyango.

Alikuwa na wiki mbili tu katika kikundi cha wajane wauza samaki wa Luanda Kotieno, kando ya ziwa. Walimpokea bila kiingilio. Mama Dorca, mwenyekiti, alimwambia aje tu na beseni lake, samaki hawatakosekana. Kwa hiyo asubuhi ile walipokwenda kumfukuza Awuor, waliyemwita malaya, Anyango alijitia mbele ili waone hawakukosea kumwamini.

"Toka!" alifoka. "Unatuharibia jina!"

Awuor alikuwa amekaa kizingitini, mifupa ya mabega imemtoka. Alikohoa kwanza. Kisha akamtazama Anyango, si kwa hasira.

"Wewe ni mgeni. Bwana yako alikufa lini?"

"Mwezi wa tano. Inakuhusu nini?"

"Mama Dorca," Awuor akaita, "huyu umemwambia?"

"Usimsikilize!" Mama Dorca alimkatiza. "Fungasha, feri inaondoka."

Wanawake walimsindikiza hadi gatini wakiimba wimbo wa kanisa. Feri ilipogeuza kuelekea Mbita, Awuor alikuwa bado anamtazama Anyango. Anyango akaona haya, asijue kwa nini. Usiku aliwapikia watoto wake uji, akajiambia kwamba kesho watakula samaki, tena mbuta.

Kulipokucha wachuuzi wengine walikuwa wamejazana ufukweni, wakisukumana na kubembeleza. Mama Dorca aliwapita wote, akamshika Anyango mkono mpaka kwenye boti la mvuvi Obiero. Samaki wa kikundi walikuwa wametengwa tayari, mbuta wanene, wamefunikwa gunia.

"Unaona?" Mama Dorca alimnong'oneza. "Sisi hatupangi foleni."

Obiero aliruka kutoka botini, akafuta mikono kwenye kaptura.

"Awuor ameenda?"

"Ameenda jana."

"Afadhali. Niliwaambia amekonda, simtaki tena." Akaweka mguu juu ya gunia. "Haya, sasa mnanipa nani?"

Anyango alimgeukia Mama Dorca, akingoja amtukane mtu huyu mbele ya ufukwe mzima.

Mama Dorca alimpokea beseni taratibu, akamfunga vizuri kitambaa cha kichwani kama mama anayempeleka binti kanisani.

"Nenda naye, mwanangu," alisema. "Watoto wetu wote wanakutegemea."