Neno Ambalo Shefu Hakutaka Kusema

Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nane ya mchana, Pulchérie alianguka nyuma ya nyumba ya Shefu Roger, chini ya dirisha, telefone mkononi, na hakuamka tena. Moyo ulisimama, alisema muganga wa hospitali. Mume wake Wilondja alikuwa kwenye tanuru lake la matofali. Alipofika, shefu alikuwa ameshamfunika marehemu kwa kitenge cha mke wake, Godelieve, ambaye siku ile alikuwa Lweba, shambani.

Avenyu nzima, mtaa wote, ilisema jambo moja: maskini, alijisikia vibaya, akaenda kutafuta rezo, mtandao wa telefone, aite pikipiki imupeleke hospitali.

Kwa maana avenyu yao iko bondeni, na rezo ya minara inawapita juu kwa juu kama ndege wanaokwenda Kalemie. Intaneti alikuwa nayo mtu mmoja tu pale, shefu wa avenyu, na sahani yake nyeupe juu ya bati. Nayo haikuvuka kuta. Kuta za matofali ya kuchoma, nene, Wilondja mwenyewe ndiye aliyezijenga. Ukitaka ikushike, uwe ndani, au ubandike mgongo kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Halafu kulikuwa na mot de passe, lile neno la siri la kuingilia. Shefu alijisifia nalo mbele ya watu:

"Tunaijua mi na Eddy mwenye kufunga mashini, basi. Hata bibi yangu sijamupatia. Bamama bakiingia mule, rezo yote inaisha na mafilme."

Wilondja hakusoma sana, aliachia tatu ya primaire. Lakini hesabu hii haikumshinda: mke alihitaji neno moja, mkubwa akamnyima, mke akafa. Akaibeba hesabu yake kila mahali, sokoni, kanisani, mpaka bandarini.

"Bakubwa betu!" alipiga kelele. "Kuita batu kwa salongo, ile kazi ya bure ya avenyu, banajua. Kuokoa muntu moja, kinywa inafungwa!"

Alitaka kitu kimoja. Shefu asimame mbele ya avenyu aseme: nilimunyima Pulchérie mot de passe.

Shefu alitoa mbao za jeneza. Alitoa mbuzi wa matanga. Mwaka ulipopita akatoa hata kisanduku cha kusukuma rezo mpaka kwa jirani, kifungwe ukutani kwa Wilondja, bure. Lakini sentensi ile haikumtoka. Kiburi cha ukubwa, watu walisema.

Jumamosi ya kufunga kisanduku, Wilondja aliita avenyu yote. Eddy alikuwa juu ya ngazi, nyaya shingoni.

"Eddy asiwashe kwanza," Wilondja alisema. "Shefu aseme."

"Papa Wilondja, ile mambo iliisha kupita," shefu alisema.

"Kwako ilipita. Kwangu iko inalala kwa kitanda kila siku."

"Bazee, mugombane mbio mbio," Eddy alisema kutoka juu. "Mi niko naiva huku na jua."

Watu walicheka. Kwa kicheko hicho Godelieve akatoka jikoni kwake, mikono imejaa majani ya sombe, akaja kusimama nyuma ya mume wake asikilize.

Shefu alimwona.

"Nilimunyima," alisema haraka haraka. "Pulchérie aliniomba mot de passe, mi nikamunyima. Mbele ya Mungu."

Watu waliguna. Wilondja alisikia mabega yake yakishuka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akaingia ndani, akatoka na telefone ya marehemu. Tangu msiba haikuwashwa; asubuhi ile ndiyo alikuwa ameipeleka kuchajiwa.

"Ndio itaingia ya kwanza," alimwambia shefu. "Ile yenye ulinyima."

"Leta," Eddy alisema. "Kisanduku nimekipatia jina ile ile na mot de passe ile ile ya kwa shefu. Sasa nitakuandikia."

Akawasha kisanduku, akawasha na telefone. Kabla kidole chake hakijagusa kitu kingine, telefone ikaanza kulia, ujumbe wa zamani ukiingia: tin, tin, tin.

"Uliisha andika?" Wilondja aliuliza.

"Sijaandika kitu." Eddy aliigeuza mkononi, akacheka, hakujua anachokicheka. "Papa, hii iko inajua mulango. Ilishaka kuingia kwa shefu. Mot de passe haijaniuliza hata."

Shefu aliangalia viatu vyake. Wilondja alishika ngazi.

Godelieve alipangusa mikono kwenye kitenge, pole pole, kidole kwa kidole, akamtazama mume wake, kisha akamtazama Wilondja.

"Mi bibi yake, mot de passe hajanipatia. Basi ile siku niko Lweba, kwa dirisha yetu ya nyuma, Pulchérie alikuwa anatafuta nini?"